Gari la Kuvuta Nyuma na Kilima cha Ikuti

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo msomaji akiona nimeruka jambo au nimelisema mara mbili anisamehe. Nataka kueleza habari ya gari nililochagua. Nimekaa na hasira yake tangu masika haya, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Ameniambia niandike, huenda nikanyamaza.

Sisi tunakaa Ikuti, juu kabisa, mgongoni mwa kilima. Barabara ya kuja kwetu inaiacha ile kubwa huko chini, inapita katikati ya migomba, halafu inapanda bila kupumzika mpaka mlangoni kwangu. Kiangazi ni barabara. Mvua zikianza ni sabuni. Na mvua za huku si za mchezo. Kuna mwalimu aliletwa shule ya hapa kutoka mikoa ya katikati, mwaka wake wa kwanza akaniuliza mvua hizi zinaisha lini. Nikamwambia zikiisha nitakuja kumwita. Mpaka leo tukikutana ananiuliza mbona sijamwita. Halafu baridi nayo inaingia na ukungu wake, na hapo ndipo utelezi unakuwa mbaya zaidi, kwa sababu jua halitoki kukausha hata upande mmoja.

Sasa mkwe wangu. Ni mke wa mwanangu mkubwa, ametoka Kyimo. Mwanangu anafanya kazi mbali, huja likizo tu, kwa hiyo mkwe ndiye anayeshika mji. Alianza na ng'ombe wawili wa maziwa, akawavuta wenzake mmoja mmoja, leo ni kikundi cha akina mama kumi na moja, naye ndiye kiongozi wao. Lakini hapa lazima nieleze jambo, maana asiye wa kwetu atashangaa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hakutani na wewe baba mkwe. Hakutazami, hasemi na wewe, hali chakula mbele yako. Akikuona njiani anakata migombani na kukupa mgongo mpaka upite. Si chuki, ni heshima. Siku hizi nyumba nyingi wameacha, wapo wanaokaa na wakwe zao kwenye sofa moja wanaangalia mpira. Kwangu tumeshika. Miaka tisa mkwe wangu alikuwa hajanisemesha, na mimi sura yake siijui sawasawa, namjua kwa kitenge na kwa mwendo. Akiwa na neno anampa mke wangu, naye ananiletea. Langu nalo linapita njia hiyo hiyo. Na niseme kweli, tulielewana kuliko watu wengi ambao nimewatazama usoni.

Maziwa yao yanakwenda Tukuyu, kwenye tenki la kupoozea. Wanapokea mpaka saa mbili na nusu asubuhi. Ukifika wanachota kidogo, wanatia spiriti, yakiganda unarudi nayo. Zamani akina mama walikuwa wanabeba madumu kichwani kushuka kilima, kisha bodaboda inachukua mawili mawili. Mvua zikija, huyu ameanguka, yule kachelewa, maziwa yanakaa barabarani mpaka yanachacha. Na pale kituoni vikundi vingine vinasubiri nafasi. Kikundi kinachochelewa sana kinaondolewa kwenye orodha mpaka kiangazi, na ng'ombe hajui kwamba ameondolewa kwenye orodha, anaendelea kutoa maziwa. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima mkwe usingizi.

Ndipo tukakubaliana gari. Nikakata milingoti yangu, ile mikaratusi, nikaiuza, kikundi kikaongeza, tununue Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mbele viti viwili, nyuma bodi. Wa kuchagua nikawa mimi, na wa kuendesha mimi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu mimi nimeendesha lori la chai miaka mingi. Nilikuwa napeleka majani mabichi kiwandani mvua inanyesha, na lori lile lilikuwa linavuta kwa matairi ya nyuma tu. Nilikuwa nikilisema hilo kila mahali. Kwenye pombe nilisema, kanisani nje baada ya ibada nilisema. Nilichokuwa sisemi ni kwamba barabara za shamba la chai zilimwagiwa changarawe, na kwamba lori likikwama ilikuja trekta kulivuta. Sikuwa naficha. Nilikuwa nimesahau, jinsi mtu anavyosahau mambo yanayompunguzia sifa.

Muuzaji alikuwa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo. Alikuwa na Kirikuu mbili uani. Moja nyeupe, safi, inavuta nyuma. Nyingine ya bluu, imechubuka bodi, ya foo-wili, yaani ukibonyeza kitufe matairi yote manne yanavuta. Yule kijana akaanza kunisifia ya bluu. Akasema imetoka kule yanakotengenezwa, upande wenye theluji, kule wanaendesha juu ya barafu miezi mitatu, matope ya Rungwe itayaona kama sakafu. Nikamuuliza theluji ya hapa Tukuyu iko mtaa gani. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, utelezi ni utelezi tu."

Nikamweleza mimi. Foo-wili ina difu mbili, yaani mtambo wa kuzungusha matairi ya mbele na wa nyuma, na difu mbili ni magonjwa mawili. Inakula mafuta. Ikiharibika mbele, fundi wa hapa anakuagizia kifaa unakisubiri mpaka unasahau umbo la gari. Ya kuvuta nyuma haina siri, ukipakia mzigo uzito unakaa juu ya matairi yanayovuta, linashika ardhi, linapanda. Nilizungumza mpaka watu wakasogea kusikiliza. Mambo niliyosema yalikuwa ya kweli yote, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu kuanzia asubuhi mpaka mchana na bado akawa mjinga.

Nyumbani mke wangu akaniletea neno la mkwe. Lilikuwa fupi. "Anasema hivi: gari litashuka na maziwa, lakini kilima litakipanda likiwa tupu. Ulifikirie hilo."

Nilisikia vizuri kabisa. Sikukosea neno hata moja. Nikamwambia mke wangu, mwambie tangu lini yeye ameshika usukani.

Mke wangu akaniuliza kama kweli ampelekee hilo. Nikasema lipeleke. Sijui kama alilipeleka.

Ili nimalize ubishi nikamwambia muuzaji alete ile nyeupe tuijaribu kwenye kilima chenyewe, tena siku ya mvua, asije mtu akasema nimedanganya. Akaileta. Manyunyu yalikuwa yanadondoka tangu alfajiri, barabara imelowa sawasawa, nikafurahi. Sasa siku hiyo kulikuwa na watu wanarudi kutoka msibani huko chini. Na kwetu huwezi kuwa na gari ukampita mtu anayetoka kuzika, hata kama gari ni la kujaribu. Nikasimama. Wakapanda. Mke wangu akapanda, wazee wakapanda, akina mama na masufuria yao, mikungu miwili ya ndizi iliyobaki na benchi la kanisa. Walikuwa kama kumi na wanne, wamebanana nyuma pale juu ya difu. Nikatia gia namba moja. Kirikuu ikapanda kile kilima kama mbuzi. Watu wakaimba. Nilipofika juu nikashuka nikapiga tairi teke, nikasema mmeona.

Mkwe wangu naye alikuwa anatoka kwenye msiba huo huo. Lakini dereva nilikuwa mimi, kwa hiyo hakupanda. Nilimwona kwa pembeni ya kioo, amesimama migombani amenipa mgongo, ndoo kichwani. Baadaye alipanda kilima kwa miguu, peku. Angekuwa mtu mwingine angenijia pale pale, mbele ya watu, akaniambia, mzee, umejaribu gari na mzigo wa watu kumi na wanne, kesho utapanda na nani? Hakuna mwingine aliyefikiri, wote walikuwa wanaimba. Aliyefikiri ndiye asiyeruhusiwa kuniambia.

Tukanunua nyeupe.

Kiangazi kilichobaki kilinipa heshima. Saa mbili kasoro niko kituoni, maziwa ya baridi. Mvua zilipoanza kweli kweli nikaanza kuipata joto ya jiwe. Kushuka na madumu, sawa. Kurudi tupu, pale kilima kinapobana kati ya ukingo na mtaro, matairi ya nyuma yanaanza kuzunguka bure. Gari linachezesha makalio huku na huku, halafu linarudi kinyumenyume, na mimi nimeshika usukani kama nimeshika mkia wa ng'ombe. Nikajaribu kwa kasi. Nikapunguza upepo wa matairi. Nikazungushia kamba, zikakatika. Siku moja mtu akanishauri nitandike magome ya mgomba chini ya tairi. Mimi mtoto wa migombani, nimeikata tangu utoto, najua gome lake ni maji matupu, nikatandika. Gari liliteleza mpaka chini kwenye barabara kubwa kana kwamba linaitwa.

Nikapakia mawe nyuma. Hapo likapanda, nikajiona nimepata. Asubuhi sikuyashusha, maana nani ashushe mawe kila siku na kuyapandisha kila siku, nikashuka na mawe na maziwa pamoja. Nikagusa breki mahali nisipopaswa. Uzito wote ukanisukuma kwenye ukingo, madumu manne yakapinduka. Maziwa yalitiririka kwenye matope na mbwa wa jirani alikunywa mpaka akalala. Nilitaka kumpiga yule mbwa. Alikuwa hana kosa lolote.

Ikabidi gari lilale chini, kwa jirani kando ya barabara kubwa, na akina mama wakarudia kubeba madumu kichwani kulifuata. Yaani tulinunua gari kwa ajili ya kilima, na sasa kila mahali linakwenda ila kilimani. Mke wangu alinitazama siku moja navua viatu vyenye tope akaniambia, "Hilo gari lako lina miguu miwili kama kuku. Kuku kwenye utelezi umemwona anavyokwenda?" Nikasema mvua za mwaka huu si za kawaida. Akasema za mwaka jana nazo ulisema hivyo hivyo, na mwaka jana hukuwa na gari.

Na kule kituoni mpokeaji wa maziwa ni binti mmoja ameletwa kutoka mkoa mwingine, mpole lakini hapindi. Akishamimina spiriti na kuona maziwa yameganda vidonge hamna mjadala. Nilichelewa mara ya kwanza akaniandika. Mara ya pili akaniandika. Ya tatu alifunga daftari akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, kesho mkichelewa tena nawatoa mpaka kiangazi. Nimewabeba nimefika mwisho." Nikamwambia hatutachelewa.

Nikarudi na hasira mchana ule ule. Nikasema gari leo litalala nyumbani, asubuhi tupakie mlangoni tuondoke mapema. Nikaliingiza kilimani bila mawe, bila kamba, kwa hasira tu. Lilifika pale panapobana, likazunguka, makalio yakaingia mtaroni na pua ikaziba barabara. Nikalisukuma mwenyewe, ujinga tu. Nikapanda kwa miguu. Mke wangu akauliza gari liko wapi, nikasema limepumzika. Sikumwambia limepumzika katikati ya njia.

Kulipopambazuka nikatangulia kushuka nilitoe kabla akina mama hawajafika. Mvua ile nyembamba, na ukungu. Nikawasha, nikazungusha matairi, matope yananirukia mpaka kioo cha nyuma. Nikiwa hapo nikasikia sauti, nikaona madumu yanatokea kwenye ukungu, halafu vichwa chini yake. Mkwe wangu yuko mbele. Akaliona gari, akaniona. Akaingia migombani akageuka.

Na wenzake wote wakasimama. Hapakuwa na njia ya kupita ila kunigusa kabisa, upande huu ukingo, upande huu mtaro na mimi katikati. Kiongozi wao hawezi kunipita, nao hawawezi kumwacha. Bodaboda walizoziita walipoona gari halikufika mlangoni zilikuwa zinawahimiza kutoka chini kwa honi, haziwezi kupanda kwa sababu gari limeziba. Nikafungua mdomo niseme kitu, sikujua nimwambie nani, mke wangu alikuwa nyumbani. Dakika zinakwenda. Namuona mkwe mgongo tu, dumu kichwani, maji yanatiririka kwenye kitenge. Miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa anaingia migombani, na mimi napita kifua mbele. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna majani makavu mle, na baridi, na siafu.

Nikashuka kwenye gari, nikapanda ukingo, nikaingia migombani upande mwingine. Nikawapa mgongo.

Nikamsikia anafanya kazi. Sauti yake sikuijua ilivyo karibu, ni ya chini, haina haraka. Akawaambia watue madumu. Akawapanga, watano makalioni mwa gari, wengine ubavuni. Kirikuu tupu ni nyepesi. Hilo ndilo kosa lake lote, na asubuhi ile ndilo lililotuokoa. Walihesabu kwa lugha yetu, wakanyanyua. Mara ya tatu makalio yakatoka mtaroni, wakaendelea kulizungusha kidogo kidogo mpaka pua ikaangalia chini. Akina mama kumi na moja. Mimi nilikuwa nimesimama na magome makavu ya mgomba mkononi, nimeyabandua bila kujijua.

Nikasikia madumu yanapakiwa. Hakuna mwingine pale anayejua kuendesha.

"Tata," akasema. Ndivyo kwetu tunavyomwita baba. "Tata, njoo uendeshe."

Nilikawia, si kwa kukataa. Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema tena, "Maziwa yanachacha, tata."

Nikatoka nikaangalia chini, nikaingia, nikashika usukani. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi, yeye alikaa nyuma juu ya bodi, mvua ikimnyeshea, mgongo ameuegemeza kwenye kioo changu, uso kwa barabara tunayoiacha. Alikuwa hajawahi kufika kituoni na maziwa yake mwenyewe tangu tununue gari, kwa sababu kigari kina viti viwili na kimoja nakaa mimi. Hilo nalo hakuna aliyeniambia wakati nachagua. Au sikuuliza.

Tulifika saa mbili na dakika ishirini na kitu. Binti akachota, akatia spiriti, akatikisa. Yalikuwa sawa. Akauliza nani kiongozi, mimi nikakohoa tu, mkwe akasogea. Walizungumza muda mrefu. Nilisikia vipande, kwamba kikundi kinaomba kisitolewe, kwamba kuanzia wiki hii maziwa yatafika na mtu wa kikundi, siyo na dereva peke yake, na kwamba gari litabadilishwa. Binti akauliza litabadilishwa lini. Mkwe akaliangalia tenki, lile la chuma, akalisemesha tenki.

"Leo. Tata atalirudisha leo. Alete ile ya theluji."

Binti akanitazama mimi. Nikasema ndiyo.

Jina la kikundi likabaki kwenye orodha. Mkwe akapanda bodaboda akarudi Ikuti, nami nikaenda kwa muuzaji mtaani Bagamoyo na matope yangu. Yule kijana hakucheka, afadhali angecheka. Ile ya bluu ilikuwa imekwenda zamani, akanionyesha nyekundu, kiti kimepasuka, ya foo-wili pia. Alitaka kunieleza kitufe kiko wapi nikamwambia nakiona. Tukabishana kidogo juu ya ile nyeupe ilivyochakaa, tukapatana, nikaongezea na mikungu miwili ya ndizi niliyokuwa nimeipakia njiani kwa shughuli nyingine.

Nikaingia kilimani jioni ya saa kumi, mvua imezidi. Gari tupu kabisa, hata jiwe moja sikuweka, nilitaka lishindwe. Nasema kweli, nilitaka lishindwe. Nikabonyeza kitufe. Nikafika pale panapobana, nikajiweka tayari, mkono kwenye usukani, mguu kwenye klachi, nikakumbuka kila nilichojifunza kwenye lori la chai. Hakikuhitajika hata kimoja. Ilipita pale kama hapapo. Haikuchezesha makalio, haikunguruma, sikubadilisha gia wala sikutoa jasho, ningeweza kuwa nimebeba kikombe cha chai mkononi. Mtu yeyote angeweza kuiendesha, hata asiyewahi kushika usukani. Nilikasirika mpaka juu, mlangoni kwangu.